Nyumba Isiyo na Pembe

Nilipoolewa Kalamba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuta chumba chetu kimejaa karatasi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa uchoraji wa majengo katika shule ya ufundi, na jioni alichora nyumba ambazo hakuna mtu kwetu angezijenga: paa la matofali lililopinda kama chungu kilichopinduliwa, madirisha yaliyokaa chini karibu na sakafu ili upepo uingie ukiwa baridi. Nilidhani ni burudani yake tu. Kisha macho ya mama yake yakaanza kufifia.

Mama mkwe alikuwa mjane. Aliishi hapo hapo kwenye boma letu, katika nyumba ya mabati ya vyumba viwili aliyoijenga mwenyewe kwa kuuza mbaazi na vyondo, vikapu alivyosuka. Macho yalipozidi kufifia akawa anajigonga, leo kwenye paji la uso, kesho begani. Siku moja mume wangu alimpangusa damu, akatoka nje akiwa amekunja uso.

"Ni pembe za ile nyumba zinazomuumiza," akaniambia. "Nitamjengea nyumba isiyo na pembe hata moja."

Alijenga wakati wa likizo za shule, miaka kadhaa. Matofali tulichoma wenyewe kando ya mto uliokauka. Ukuta ulizunguka bila kukatika, paa likainuka juu yake bila boriti, na kileleni akaacha tundu la kutoa joto. Ndani, ukingo wa simiti ulitokeza ukutani usawa wa kiganja, ili mama aufuate kutoka kitandani hadi mlangoni. Watu waliotoka soko la Mbumbuni walipita kuitazama wakicheka. Waliiita tangi la maji.

Mama mkwe hakucheka. Siku mwanawe alipomwambia imekwisha, alikuwa akipukuchua mahindi, na hakuacha.

"Mimi nilizaliwa kwa nyumba ya mviringo," alisema. "Nyasi, moshi, mbuzi miguuni. Nilipookoka nilisema watoto wangu watalala kwa nyumba ya pembe nne. Sasa wewe niliyekusomesha ndiye unanirudisha huko?"

"Mwaitu," alimwita mama kwa Kikamba, "hii si kama ile."

"Ni ya mviringo?"

"Ni ya mviringo."

"Basi ni ile."

Alikataa mpaka giza lilipomfunika kabisa. Siku alipoanguka mlangoni na kuteguka nyonga, mume wangu hakuuliza tena. Alimbeba mgongoni akamwingiza katika nyumba mpya.

Nilifurahi, nakiri. Ilikuwa nyumba nzuri. Mchana jua likichoma nje, ndani ungejifunga leso mabegani kwa baridi. Nyonga ilipopata nafuu, mama mkwe alisimama, akashika ukingo wa simiti, akaanza kutembea. Mume wangu alimtazama kwa uso ambao sijawahi kuuona tena.

Mama alitembea. Akapita kitanda, akapita dirisha, akavuka pengo la mlango bila kujua ndio mlango, akarudi kitandani, akaendelea kuzunguka.

"Niko wapi?" akauliza.

"Uko karibu na dirisha, mwaitu."

"Dirisha liko upande gani?"

Ikawa hivyo kila siku. Nilikuwa nikisikia sauti yake nikiwa jikoni: niko wapi? Mume wangu alibandika kipande cha gunia karibu na mlango na jiwe laini karibu na kitanda. Mama alivigusa, akasahau kipi ni kipi. Akaanza kukataa kuinuka.

"Kule kwangu," aliniambia nikimwosha miguu, "pembe ya mlango ilikuwa na joto. Ya kitanda ilikuwa baridi. Nilikuwa nikijigonga, lakini nilijua nimejigonga wapi."

Nilimweleza mume wangu maneno hayo kama yalivyosemwa. Asubuhi alimbeba tena, akamrudisha kwenye mabati yake. Mama aligusa ukuta mpaka akafika penye pembe, akaegemeza bega pale, akalia taratibu. Alifariki humo miezi ya joto, nikimpepea kwa kipande cha katoni.

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali mno. Wazee wa kanisa walioshindwa kukaa chini ya turubai niliwaingiza kwenye nyumba ya mviringo. Waliketi wakashangaa ubaridi wake.

"Mwalimu, hii ndiyo nyumba!" mmoja alisema. "Nani alikuonyesha?"

Mume wangu aliyekuwa akiwagawia chai aliweka birika chini, akatoka. Nilimkuta nyuma ya choo, mikono kichwani.

"Sikumuuliza," alisema. "Miaka yote nikijenga, sikumuuliza anaionaje njia yake."

Baadaye alihamishiwa shule ya mji wa Mwingi, nami nikamfuata. Huko alichorea wenye maduka nyumba za kukodisha: vyumba vimepangwa mstari, varanda mbele, mabati juu. Walimsifu kwa kazi safi. Alikuwa akimaliza mchoro, anaukunja, anaukabidhi, na hazungumzii nyumba tena mpaka mwingine abishe hodi.