Vidonge Alivyoambiwa Aache

Shemeji yangu hajui kukaa. Mpe kiti chenye mto, mwashie feni, na baada ya dakika tatu utamkuta mlangoni ameshika kitasa, anauliza kama kuna kitu cha kwenda kuchukua nje. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa na kilo mia moja hamsini na mbili, na mtu wa kilo hizo akishakaa, amekaa. Kazini tulimwita Tani, na jina limebaki hata baada ya nyama kuondoka, kwa sababu jina la utani likishashika halipelekwi tena kwenye mizani.

Sisi ni mafundi wa lifti, yeye na mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Alimwoa dada yangu kwanza, ndipo akaniingiza kazini, kwa hiyo nikigombana naye ofisini naulizwa nyumbani. Kazi yetu ina sehemu mbili. Kuna chumba cha mashine juu kabisa ya jengo, ambako unaweza kufanya kazi na kikombe cha chai pembeni. Halafu kuna shimo lenyewe, ambamo fundi anasimama juu ya paa la lifti, gizani, taa kichwani, anapaka grisi kwenye reli na kukagua kamba za chuma ghorofa hadi ghorofa. Tani alikuwa mtu wa shimo. Alilipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Lakini mkanda wa usalama umeandikwa mwisho kilo mia moja arobaini, na siku msimamizi wetu alipoleta mizani ofisini, Tani alipelekwa chumba cha mashine. Akakaa huko miaka minne. Tulimtania kwamba kibao cha lifti kikisema watu wanane, maana yake ni Tani na wengine sita. Alicheka pamoja na sisi. Dada aliniambia akifika nyumbani hachekeshwi na kitu.

Ndiyo maana akakubali kupasuliwa. Watu walidhani ni urembo, mtu mzima na ndevu zake. Hospitali wakampunguza tumbo, likabaki la kubeba chakula cha mtoto, na miezi mitano baadaye alikuwa amepungua kilo arobaini na moja. Msimamizi akamkabidhi mkanda wake. Nilimwona akiuvaa. Alikaza kila kifungo mara mbili, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Sasa tuje kwenye vidonge. Kabla ya upasuaji Tani alikuwa anameza vya aina tatu: cha presha, cha kutoa maji mwilini, na cha sukari. Muuguzi wa kliniki alimweleza vizuri, dada akiwa pembeni, kwamba mwili mwepesi hauhitaji dawa za mwili mzito, na kwamba dozi ya zamani sasa ingemwangusha. Akaandika kwenye karatasi: cha maji acha, cha sukari acha, cha presha kula nusu, njoo kila baada ya wiki mbili tukupime. Dada akaibandika karatasi kwenye mlango wa jokofu. Tani akasema sawa. Kisha akaendelea kumeza vyote vitatu, vizima, kila asubuhi, kwa siri. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. La shemeji yangu lilisikia dawa kupita kiasi.

Hatukujua. Tulichokiona ni ile mashine ya presha, ambayo alizunguka nayo mkononi kama mwanamke na mkoba. Alijipima kabla ya chai na baada ya chai. Alipanda ngazi, akajipima. Aligombana na mapacha wake juu ya viatu, akajipima, na bila shaka akakuta juu, akazidi kuhangaika, akajipima tena. "Baba Pacha," dada akamwambia siku moja, "huo mkono utakatika." Hakuna aliyecheka. Mara nyingine akiinuka alishika ukuta kwanza, akangoja kidogo, na ukimuuliza anasema ni njaa. Aliyekatwa tumbo hakosi kisingizio hicho.

Kliniki nao walidanganyika. Namba zilitoka za chini, wakati mwingine chini mno, na muuguzi akafurahi: "Unaona mwili unavyojiendesha wenyewe?" Tani alitabasamu tu. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu alikuwa anaficha dawa, na kwa hilo wahenga hawakutuachia neno.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jengo la ofisi lenye ghorofa saba. Tulikuwa wawili juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Alikuwa amechuchumaa anapaka grisi, ndoano ya mkanda ameichomoa ili asogee. Akainuka haraka, kama kawaida yake, na nikaona mwanga wa taa yake ukizunguka polepole ukutani. Magoti yakalegea. Pembeni ya lifti pana nafasi ya kutosha kumpitisha mtu. Nikamdaka mkanda mgongoni, nikavuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili juu ya paa, na kopo la grisi likaenda chini peke yake. Nililisikia likigonga, likigonga tena, halafu likanyamaza.

Yeye alikuwa ametota jasho la baridi, vidole vinatetemeka, anasema, "Nipe ile... nipe ile," na haijui ni ipi. Dada alikuwa amenifundisha dalili za sukari kushuka, zamani, Tani alipokuwa na sukari yenyewe. Nilikuwa na pakiti ya juisi kwenye begi. Nikampa, akanywa kwa matone kama tumbo lake linavyotaka, nami huku nikimpekua mfukoni kama ana peremende. Nikatoa mfuko mdogo wa nailoni. Ndani, vidonge vya rangi tatu.

Nilisubiri akili imrudie. Kisha nikamwekea mfuko mbele ya uso.

"Shem, hivi ni nini?"

"Dawa."

"Dawa zipi? Si uliachishwa?"

Akaangalia kamba za chuma, akaangalia buti zake. "Sikuacha."

Niliyomwambia baada ya hapo siyaandiki, kwa sababu mapacha wameshajua kusoma na mimi ndiye mjomba wao. Yanayoandikika ni haya: "Ungenifia mkononi hapa, ningekwenda kumwambia dada nini? Kwamba leo tumeangusha kopo la grisi na baba watoto?"

"Aliyenifunga ni daktari mzee," akasema. "Huyu muuguzi ni nani anifungue?"

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu. Kabla hujagusa kamba au mota, unazima swichi kuu na kuitia kufuli yako nyekundu yenye jina lako, na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Mkiwa mafundi watatu, ni kufuli tatu. Kufuli ya mtu haifunguliwi na mwingine, hata awe mkurugenzi, hata awe na haraka ya kwenda harusini, kwa sababu huenda mwenye kufuli bado yumo shimoni. Tani ndiye aliyenifundisha hilo, na katika miaka yote sijamwona akilivunja. Sasa mtu huyu alikuwa amelibeba hadi kwenye presha yake. Daktari wa zahanati ya zamani ndiye aliyemwanzishia vidonge, basi daktari huyo ndiye mwenye ufunguo. Ulikuwa upuuzi mtupu. Kibaya zaidi, niliuelewa, na hasira ikanizidi.

"Basi utanipeleka kwa huyo daktari," nikamwambia. "La sivyo namwambia msimamizi leo hii, na mkanda unarudi kabatini. Na mpaka hapo, shimoni hushuki na mimi."

Uso wake ulibadilika. Kifo hakikumtisha kiasi kile.

Jumamosi asubuhi tukaenda. Daktari mzee alikuwa amestaafu miaka sita. Tulimkuta sebuleni amevaa kaptula, anapiga pasi mashati yake mwenyewe, redio inapiga kelele, na hakuizima kwa ajili yetu. Hakumkumbuka Tani hata kidogo. Tani akampa kadi ya zamani, ya manjano, imechakaa kwenye mikunjo. Akavaa miwani.

"Mwandiko ni wangu," akasema. "Miaka tisa. Hapa chini nimeandika nini? Soma."

Tani akasoma: "Rudi baada ya wiki sita."

"Ulirudi?"

"Nilikuwa naonyesha boksi tupu kwenye duka la dawa, wananipa nyingine."

"Sikuuliza hilo."

"Sikurudi, daktari."

Mzee akageuza shati, akaanza mkono wa pili. "Basi mimi nilikufunga kwa wiki sita. Miaka mingine yote umejifunga mwenyewe."

Nilitaka kucheka. Tani alikuwa ameinuka, akakaa, akainuka tena. "Daktari, niambie tu niache. Neno moja tu, nitakwenda zangu."

"Sikuambii. Mimi nimestaafu, sijakupima, na mwili ulioandikiwa kadi hii si huu ulionao. Una watu wanaokupima. Umewadanganya. Rudi kwao ukaseme kweli."

Nilidhani hapo ndipo tutaaga. Lakini Tani hakusogea. Alisimama katikati ya sebule ya watu, mikono imening'inia, na akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama yangu nilimwachisha mimi."

Mzee akazima redio.

"Alikuwa na presha. Akanipigia simu akasema kichwa hakimuumi tena, anajisikia msichana. Nikamwambia, basi mama, umeshapona, pumzika na hivyo vidonge. Mimi, fundi wa lifti. Wiki ya tatu majirani wakamkuta jikoni."

Kwetu habari ilikuwa kwamba mama yake alifariki ghafla. Dada ameishi naye miaka kumi na minne, wamelala kitanda kimoja, na hakuwahi kulisikia hilo. Niliona haya kwa mengi niliyomwambia kule shimoni, ingawa si yote.

Mzee akasimamisha pasi. "Nani alimpima mama siku hiyo?"

"Hakuna."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna."

"Wewe je?"

"Kliniki. Kila wiki mbili."

"Mama yako aliachishwa kwa simu. Wewe unapunguziwa huku unaangaliwa. Vikihitajika tena, watavirudisha, nawe utameza bila kuona haya." Akavua miwani. "La mama siwezi kukuondolea. Sina dawa yake." Kisha akawasha redio yake, na tukajua tumeruhusiwa kuondoka.

Siku hiyohiyo Tani alimwambia dada yote, mimi nikiwa nje na mapacha. Nilimsikia dada akilia, halafu nikamsikia akigomba, nikajua mambo yatakuwa sawa. Jumatatu wakaenda kliniki pamoja. Muuguzi hakupiga kelele. Alifuta namba zote za nyuma, wakamchukua damu, wakamwandikia upya: cha maji na cha sukari vibaki hapahapa kliniki, cha presha nusu, vitamini siku zote za maisha yake, na wiki tatu asishuke shimoni. Msimamizi aliambiwa ni kizunguzungu, na hilo lilikuwa kweli.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, simu yangu inalia.

"Shem, nimeamka."

"Hongera."

"Nimeamka tu, nikasema nikujulishe."

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nilimwambia aniache nilale, nikamwambia kazi ya kuamsha watu ni ya jogoo na jogoo halalamikiwi kwa sababu analiwa. Hakuna lililosaidia. Alikuwa analala akiogopa kwamba asubuhi atakutwa kama mama yake, na akifumbua macho akajikuta yupo, lazima amwambie mtu. Dada alikuwa karibu mno, alisema. Akimwambia dada, dada atajua jinsi alivyoogopa. Mimi nilikuwa mbali kidogo, na nina mdomo mchafu, nikamfaa.

Siku ya kumi na tisa simu haikulia.

Niliamka mwenyewe, nikaitazama. Kumi na mbili na dakika tano. Na kumi. Nikajiambia mtu mzima ana haki ya kulala. Na robo, nikapiga mimi, ikaita hadi ikakata. Nikampigia dada, ikaita hadi ikakata. Sikumbuki kuvaa. Nakumbuka nikikimbia katikati ya barabara, mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka akanipisha na ufagio wake, mwuza mikate akaita jina langu, na mimi kichwani nayapanga maneno ya kumwambia mama yetu kwamba mwanawe amefiwa. Sijawahi kuogopa hivyo ndani ya shimo lolote.

Mlango ulikuwa wazi. Tani alikuwa kwenye ngazi, mguu mmoja juu ya mwingine, anang'arisha viatu vya mapacha na kupiga mluzi. Dada alikuwa bafuni, nasikia maji, na simu zao zote mbili zilikuwa mezani ndani.

"Karibu, shem," akasema. "Mbona umevaa shati nje ndani?"

"Hukupiga simu."

Akanitazama. Brashi ikasimama hewani. Nikaona akihesabu nyuma, tangu alipoamka, akanawa, akanywa uji wake kijiko kwa kijiko, akatafuta rangi ya viatu.

"Aa," akasema. "Nilisahau."

Nikamtukana mbele ya watoto wake, halafu nikakaa kwenye ngazi pale pembeni yake, nikalia.