Mpira wa Maji Kwenye Njia ya Oili

Nilipopunguzwa kazi ya ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba, baba alinipa pikipiki yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, anaishi kijijini ng'ambo ya Geita, na macho yalikuwa yameanza kumkataa. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya zile zinazobeba oili kwenye tangi lake pembeni, chini ya kiti. Mpira mmoja uliishusha oili kwenye injini, mwingine uliirudisha. Mipira yote miwili ilikuwa imechakaa na kupasukapasuka, na kila niliposimama niliacha doa jeusi chini.

Nilikuwa bado najipanga kuibadilisha mipira hiyo nilipoletewa habari kwamba baba amefariki. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Asubuhi na mapema nilikwenda mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye ukoo wake uliuza vipuri tangu enzi za babu zao. Akanikatia mipira miwili mipya ya oili. Kisha nikaipeleka pikipiki Buzuruga, kwa fundi aliyekuwa akisifiwa na watu wote wa stendi. Nilimweleza kwamba nawahi kumzika baba. Akanipa pole, akaniambia nimwachie saa moja. Nikaenda kununua sanda. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, mipira imepakwa grisi, na pikipiki haitoi hata tone. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeipita Usagara kidogo niliposikia injini inagonga. Kabla sijazima, ikajikaza yenyewe na gurudumu la nyuma likaburuza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umelowa oili ya moto hadi kwenye goti. Mpira wa kushusha oili ulikuwa umevimba, ukalainika kama utumbo, ukachomoka. Injini ilikuwa imenoki, imeshikana ndani haizunguki.

Niliikokota hadi kwenye nyumba iliyokuwa jirani, nikaomba wanihifadhie. Lori la mbegu za pamba likanifikisha Kigongo, panapovukiwa ziwa, na kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Nikasimama pale na sanda kwapani, nakitazama kikikaribia Busisi, ng'ambo ya pili. Nilifika nyumbani jua linazama. Walikuwa wamemzika kwa sanda iliyoazimwa kwa majirani. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula.

Baada ya matanga niliuchukua ule mpira uliovimba, nikampelekea mzee wa vipuri. Aliuminya, akaunusa, akavua miwani.

"Huu si wangu," alisema. "Huu ni mpira wa maji, wa rejeta. Mimi nilikupa wa oili, una nyuzi ndani. Nani alifunga?"

Nilipomtajia, alisema kwamba siku ileile fundi huyo alikuwa amemwuzia dereva mmoja wa stendi mipira mipya ya oili. Dereva alikuja nayo dukani kuomba klipu za kuibana, naye mzee akaitambua.

Sikwenda kupigana. Nilimwomba yule mzee anifundishe. Alinionyesha namna ya kuukata mpira bila kuupindisha, kuusukuma mpaka ukae vizuri, kuikaza klipu ibane bila kuukata, na kuhakikisha oili imeshuka kabla ya kupiga kiki. Ilinichukua miezi kuifufua injini. Nilipoiwasha hatimaye, nilifungua kifuniko cha tangi, nikaona oili inarudi kwa matone mazito. Ndipo nilipojua nitafanya nini.

Nilifungua gereji Buzuruga, ng'ambo ya barabara, tukitazamana uso kwa uso na yule fundi. Ule mpira uliovimba niliutundika kwa msumari mlangoni. Kila mteja aliyeuliza nilimweleza ni nini, nani aliufunga, na siku hiyo nilikuwa nawahi wapi. Sikuongeza chumvi hata kidogo. Miaka ile pikipiki zilikuwa zikiingia kwa wingi, kila mwenye kiinua mgongo alitaka yake, na wote walihitaji fundi wa kuaminika. Walianza kuvuka barabara mmoja mmoja. Kila alipovuka mtu, nilinyanyua macho kuhakikisha ameona.

Mwaka wa tatu alivuka fundi mwenyewe. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, maana alikuwa mkubwa kwangu, nikampa kigoda. Hakukaa.

"Utoe huo mpira mlangoni," alisema. "Nina watoto."

"Nilikwambia naenda kumzika baba."

"Uliniambia."

"Kwa nini, basi?"

Aliutazama mpira kwa muda. "Nilidhani utafika," alisema. "Ule wa maji huwa unavumilia siku mbili tatu. Nilidhani utafika, ukirudi nikubadilishie."

Nadhani alisema kweli, na ukweli ule ulinichoma kuliko uongo. Alikuwa ameshapiga hesabu zake, akaona kwa mazishi ya baba yangu mpira wa siku mbili unatosha. Nilimwambia mpira utakaa pale pale. Mwezi haukwisha akafunga gereji. Nilisimama mlangoni nikimtazama akipakia vyuma vyake kwenye pikapu, na sikuvuka kumsaidia, ingawa jeki yake ilikuwa nzito na alikuwa peke yake.

Nilidhani nitaona raha. Niliiona kweli, kama wiki mbili hivi. Kisha nikasikia amehamia Geita, ana gereji kando ya barabara kuu, na wachimbaji wa dhahabu wanapanga foleni kwake. Habari hiyo iliniharibia chakula. Nikienda kupalilia kaburi la baba lazima nipite pale mbele yake, hakuna njia nyingine. Huwa ananyanyua mkono. Mimi huongeza mafuta, nikapita mbio.