Resho ya Mama Mkwe

Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati wake, katikati ya msimu wa baridi, na hospitali ilimruhusu aje nyumbani kwa sharti moja: chumba chake kisipoe. Asiyeijua Kolwezi hudhani Kongo yote ni joto. Mwezi wa Juni, jua likishazama, baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mifupa, na nyumba tulizopewa walimu zilikuwa za ukuta mwembamba na bati.

Mama mkwe alikuja na treni kutoka Kasaji kumlea mjukuu. Katika mizigo yake alikuwa na resho, ameifunga kwenye kitenge kana kwamba nayo ni mtoto. Resho zetu zilitengenezwa mtaani: kigae kinene cha udongo wa kuchoma chenye mifereji, na ndani ya mifereji waya uliojikunja kama springi, ambao umeme ukipita unawaka mwekundu. Hiyo alikuwa ameitumia kupikia miaka yote mumewe alipokuwa mgodini, kabla hawajarudi kulima. Waya ulipokatika alifanya kama wanawake wote wa kambi ya mgodi. Alitoa kipande kilichoungua, akasokota ncha mbili pamoja, akaendelea kupika. Wote waliamini kwamba resho inazidi kuwa nzuri kadiri inavyozeeka, kwa kuwa bukari, ugali wetu, inaiva upesi zaidi. Resho mpya waliicheka.

Mimi nilifundisha umeme kwenye shule ya ufundi. Wanafunzi waliniita sitwaye, yaani raia, kama ilivyotakiwa wakati ule wa Zaïre, na niliwaandikia ubaoni jambo lile lile kila mwaka: gawa volti kwa ampea upate ukinzani, zidisha volti kwa ampea upate nguvu. Sikutegemea kwamba siku moja nitayahitaji hayo nyumbani kwangu.

Jioni ya kwanza mama mkwe aliwasha resho yake chumbani, na chumba kikapata joto zuri. Kisha umeme wa nyumba ukakatika. Kikatio chetu, kinachozima umeme ukivutwa kupita kiasi, kilikuwa ndani ya sanduku mwisho wa safu ya nyumba, limefungwa kwa kufuli, na fundi mwenye ufunguo alikuwa ameshakwenda zake mjini. Mpaka asubuhi mama mkwe alimshika mtoto kifuani, ndani ya vitenge vyote tulivyokuwa navyo. Kulipokucha midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Niliogopa.

Fundi aliporudisha umeme, mke wangu aliniletea resho zote mbili sebuleni, ya mama yake na yetu mpya, nami nikazipima kwa ampeamita ya shule. Yetu ilivuta ampea nne. Volti mia mbili na ishirini ukigawa kwa nne ni omu hamsini na tano. Ukizidisha, ni wati mia nane na themanini. Ya mama ilivuta ampea kumi na moja. Ukinzani wake ulikuwa omu ishirini tu, na nguvu yake wati elfu mbili mia nne na ishirini. Mama hakukosea. Kila kipande alichotoa kilifupisha waya, waya mfupi ukazuia umeme kidogo zaidi, na resho ikawa na moto karibu mara tatu ya yetu. Ila kikatio kilikuwa cha ampea kumi. Kikatio cha namna hiyo huvumilia muda wa kupika bukari, ndiyo maana kambini hakuna aliyelalamika. Kuwasha jioni nzima hakikuweza.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuifikisha upande wa pili wa pazia la chumba alichokaa mama mkwe na mtoto. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawasemeshani, na mimi sheria hiyo niliiheshimu. Nilimtuma mke wangu.

“Umuambie mama, ile yetu ni kidogo, lakini itafika asubui. Yake itazimika tena.”

Alikaa huko kitambo, akarudi.

“Anasema ile yetu ni ya kuchemusha chai. Anasema alishazikaka mutoto moya juu ya baridi, ku Lubudi, moto ya makala ilikuwa kidogo.”

Kwamba mama yake aliwahi kuzika mtoto aliyeuawa na baridi, mke wangu mwenyewe alikuwa hajawahi kusikia. Namba zangu zilikuwa sahihi, na hazikufaa kitu mbele ya maneno yale. Nilishinda nikiziba nyufa za dirisha kwa magunia, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Jua lilipokuwa linashuka, nilisikia sauti nisiyoizoea nyuma ya pazia.

“Buko.”

Nilisimama. Mke wangu alikuwa jikoni, na mkwe wa kuitwa buko nilikuwa mimi tu.

“Ile ya kwenu haitazimika?”

“Haitazimika, mama.”

Nilijibu kama mwenye hakika. Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa bwawa la Nzilo, ulikotoka umeme wetu, na nyaya zote zinazotoka huko mpaka mlangoni kwetu. Resho yetu iliwashwa. Sikulala, na nadhani naye hakulala. Asubuhi chumba kilikuwa vuguvugu na mtoto alikuwa analilia ziwa la mama yake kwa hasira.

Hatukusemeshana tena, mimi na mama mkwe. Alikaa mpaka mvua zilipoanza na mtoto ameshanenepa, kisha tukampeleka kituoni. Tuliporudi nyumbani tukaikuta resho yake jikoni, imesuguliwa, imewekwa mahali ilipokuwa yetu. Yetu alikuwa ameondoka nayo, ndani ya kitenge, kwenda Kasaji, kwenye nyumba isiyo na umeme.