Mate ya Marcelina

Mwaka wa themanini na sita, sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ya kusimuliwa, lakini shida ya Marcelina haikuwa ya dukani. Binti yake Ursula, aliyekuwa hajaanza hata shule, alivimba taya. Walidhani ni jino. Wakaling'oa, mengine yakalegea yenyewe, uvimbe ukapanda mpaka chini ya jicho.

Wifi yake Dafroza akasema mbele ya watu, "Mtoto huyu karogwa, na aliyefungua mlango ni mamaye."

Marcelina alimfunga Ursula mgongoni, akapanda mtumbwi mpaka ufukwe wa Mwigobero, wakalazwa hospitali mjini Musoma.

Daktari Leodgar, kijana wa Bunda, alikata kinyama cha uvimbe kikapimwe Mwanza. Majibu yalipofika, aliketi na Marcelina kwenye benchi nje ya wodi.

"Ni saratani, mama Ursula. Ndani yake kuna kirusi. Huwa kinaenea kwa mate."

"Mate?" Marcelina akaziba mdomo. "Daktari, mimi nilikuwaga namtafunia samaki, ndiyo nampa. Basi nimemuua mwenyewe."

Leodgar akamwacha alie kwanza.

"Kirusi hicho unacho wewe, ninacho mimi, karibu kila mtu hapa anacho," akasema. "Kinaingia kwenye chembe za damu, kinakaa. Lakini chenyewe hakiwezi kusoma jeni zake. Kinategemea protini za chembe zetu. Hizo ndizo zinazoamua jeni gani isomwe na gani inyamaze. Kwa wengi wetu kinanyamazishwa maisha yote. Mtoto akiandamwa na malaria, mambo huvurugika, chembe zikazaana ovyo. Kwa nini huyu na si yule, hata sisi hatujajua. Ila kumlisha mwanao si kosa."

"Hata wewe unacho, kweli?"

"Ninacho. Mama alikuwaga ananitafunia viazi."

Marcelina akacheka huku machozi yanamtoka.

Stoo ya hospitali haikuwa na dawa. Mumewe Masatu akapanda basi kwenda Mwanza, akabisha hodi misheni hadi misheni, akarudi na vichupa amevizungushia sweta lake. Sindano zilianza. Ursula alitapika, nywele zikanyonyoka, lakini uvimbe ukawa unayeyuka mchana kweupe.

Dafroza alikuja na uji. Alimtazama mtoto, akainama.

"Wifi, eti na mimi ninacho hicho kirusi?"

"Unacho, wifi. Kaa hapa umshike, nikaoge."

Dafroza akampakata Ursula mpaka akalala.

Ursula alipona, shavu moja likabaki limebonyea. Maduka ya Iringo, pale mjini, yalipojaa tena bidhaa, alikuwa msichana mkubwa, anashona nguo mtaa wa Bweri na kuimba kwaya. Na Marcelina, kila akishusha dagaa zake sokoni, hupitia wodini kabla ya kurudi nyumbani, akauliza kama kuna mama aliyelazwa na mtoto, naye hana wa kumpokea mtoto akaoge.