Siku "Isipokuwa" Yangu Ilipoziba Geti la Malori

Naomba mnisikilize bila kunikatiza, maana nikikatizwa nitapata upenyo wa kuiruka ile sehemu ya geti, na sehemu ya geti ndiyo mkasa wenyewe. Aibu niliyoipata Chapwa sijawahi kuisimulia yote. Mama yangu kule Itumba mpaka leo anajua tu kwamba siku ile "kompyuta ilisumbua". Haikusumbua hata kidogo. Ilifanya nilichoiambia, neno kwa neno.

Miaka ile Tunduma bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya, intaneti ni ya modemu ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, na mimi nafundisha kompyuta kwenye kituo kimoja kidogo Mpemba. Mwalimu wangu wa chuo, Mwalimu Kibona, alikuwa ametunga lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili (lugha ya programu ni yale maneno unayoiandikia kompyuta ili ijue ifanye nini), na sisi wanafunzi wake wa zamani tulikuwa na kikundi cha barua pepe ambamo mtu yeyote aliruhusiwa kupendekeza badiliko, likajadiliwa, likapigiwa kura.

Katika lugha ile, sharti uliliandika hivi: kama jambo fulani ni kweli, basi fanya hiki, la sivyo fanya kile. Nikaanza kujiuliza, hivi kuna mtu anaongea namna hiyo? Nikanunua kidaftari nikawa natega sikio popote nilipo. Mama mmoja wa viazi akamwambia mwenzake, "Kesho nakuja, mvua isiponyesha." Mfugaji mmoja kutoka Momba, tuliyekaa naye benchi moja zahanati, akaniambia ng'ombe wao hauzwi, isipokuwa mtoto akiumwa. Kurasa kumi na kitu nilijaza, na karibu wote walitaja tendo kwanza, sharti wakalifuatisha nyuma. Usingizi ulinipungua kwa furaha (ndiyo, kuna watu wanafurahia vitu kama hivyo, nami ni mmoja wao). Nikaandikia kikundi pendekezo refu: tuongeze neno "isipokuwa", ili mtu aandike tendo, kisha isipokuwa, kisha sharti. Nikamalizia kwa majivuno kwamba kwa njia hii hata mtu asiyewahi kugusa kompyuta ataweza kuiandikia programu.

Mwalimu Kibona akajibu kwa mstari mmoja: "Nionyeshe mahali inapofanya kazi kweli."

Mahali nilikuwa napo. Pale Chapwa kulikuwa na yadi binafsi ambako malori yanasubiri zamu ya kwenda mpakani mwa Zambia, na msimamizi wake, Mzee Sichone, alikuwa ameniomba nimtengenezee programu ya kuita magari. Utaratibu wake ni rahisi: lori haliitwi mpaka liwe na karatasi zake zote na liwe limepita mizani. Programu inatoa orodha kwenye printa, karani Neema anaisoma kwenye kipaza sauti, madereva wanasogea getini. Nikaandika kwa neno langu jipya, nikaijaribu wiki mbili, ikawa safi. Basi nikamwalika Mwalimu, naye akaja Jumamosi asubuhi na wenzangu watano wa kikundi kutoka Mbeya, tukawapangia viti vya plastiki mbele ya ofisi, wakapewa soda.

Hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Mistari yangu iliyojaribiwa ilikuwepo, ningebonyeza tu tukapiga makofi tukaenda kula. Lakini nikaona kwa kuwa nimejigamba kwamba mtu yeyote ataweza, acha waone kwa macho. Nikaifuta ile mistari mbele yao. Nikamgeukia msimamizi nikamwambia, "Mzee, tuambie kwa maneno yako mwenyewe, gari tuliite lini, nami nitaandika kama unavyosema."

Mzee Sichone akakohoa kidogo, akasema taratibu kama mtu anayeandikisha wosia: "Ita gari, isipokuwa halina karatasi na halijapimwa."

Nikaandika hivyo hivyo. Wenzangu wakatazamana kwa kutabasamu, mmoja akasema inasomeka kama barua. Nikabonyeza.

Kwa kawaida orodha ya asubuhi ilikuwa magari manne, matano. Printa ikaanza kukwaruza, ikakwaruza, karatasi ikashuka mezani ikagusa sakafu. Neema akaiokota, akaniangalia. Nami (hili ndilo linaloniuma zaidi) nikamfanyia ishara kwa mkono kwamba asome tu, kwa sababu wageni walikuwa wanatazama na sikutaka nionekane sijui ninachofanya.

Akasoma. Namba baada ya namba. Yadi nzima ikaamka, injini zikanguruma kila upande, moshi ukatanda, malori yakaanza kusogea kwenye geti linalopitisha gari moja tu. La kwanza likafika, mlinzi akaomba karatasi, dereva akasema, "Sina, ila nimeitwa." La pili lina karatasi, halijapima. "Nimeitwa." La tatu hivyo hivyo. Nyuma yao likakwama lori la ndizi kutoka Tukuyu lenye kila kitu, limesubiri siku mbili na ndizi zimeanza kuwa njano, na dereva wake amesimama juu ya ngazi ya mlango anauliza kwa utulivu wa kutisha nani ameita watu wote hawa. Neema akaninyooshea kidole.

Mzee Sichone akachukua kipaza sauti akatangaza wasio na karatasi warudi nyuma. Nyuma hapakuwepo. Palikuwa na lori jingine, na nyuma ya hilo jingine. Dereva mmoja Mzambia akashusha kioo akatikisa kichwa, akasema kwa Kibemba, "Awe, mwe bantu," yaani hapana, jamani, akazima injini akatoa chakula chake.

Nilirudi kwenye kompyuta, nikasoma ule mstari mara tatu ndipo nikauona. Mzee alimaanisha kwamba gari likikosa kimojawapo lisiitwe. Kompyuta ikaelewa lizuiwe lile lililokosa vyote viwili kwa pamoja, basi lililokosa kimoja tu likapita. Ule mstari wangu wa majaribio ulikuwa na "au" pale, ndiyo maana wiki mbili haukuwa na tatizo. Nikamweleza Mzee Sichone.

Akaniambia, "Binti, mimi nilisema vizuri. Muulize Neema kama hakunielewa."

"Nilimwelewa," Neema akasema.

Na kweli, hata mimi nilimwelewa. Ndiyo sababu niliandika bila kusita.

Nikategemea Mwalimu Kibona atanionea huruma, atanivuta pembeni. Badala yake macho yalikuwa yamemng'aa. Aliniomba kidaftari changu, akaingia katikati ya malori na soda yake mkononi, akawa anauliza dereva mmoja mmoja: "Nikisema usile kama hujanawa na hujasali, aliyenawa bila kusali ale?" Wa kwanza akajibu asile. Wa pili asile. Yule Mzambia akatafuna kwanza, akasema asile. Dereva wa ndizi akajibu kwamba asile, na kwamba huyo mwalimu naye atoke mbele ya gari lake. Mimi nilikuwa nafuata nyuma nikielekeza malori kurudi kinyumenyume moja moja, na kila dereva aliyeulizwa alitaka kujua swali linahusu nini, na Mwalimu akawa ananinyooshea kidole, anaeleza tangu mwanzo. Niliaibika zaidi ya mara kumi siku moja, kwa kosa lile lile.

Geti lilizibuka saa tisa alasiri. La ndizi tulilitanguliza, nami nikamwomba dereva radhi kwa kupiga goti. Akasema, "Inuka, dada. Ila siku nyingine ita kwa mdomo."

Wiki iliyofuata kikundi kikapiga kura. Mwalimu alituma majibu yote ya madereva, akaandika kwamba pendekezo langu ni zuri kuliko yote aliyowahi kuyapokea na ndilo lenye hatari kuliko yote, kwa kuwa mtu ataliandika kama anavyoongea na hatajua amekosea wapi. Wapo walionitetea. Nilisoma hoja zao jioni nzima, nikazipenda, kisha nikapiga kura yangu: hapana.

Bado natega sikio watu wakiongea, hilo sitaacha. Lakini nimeapa kwamba sitaandika tena sentensi ya mtu mwingine kwenye kompyuta kwa sababu tu nimemwelewa. Nitamuuliza kwanza hiyo "na" yake ana maana gani, hata akiniona mjinga, hata wageni wakiwa wanatazama.