Wamepigia Makofi Moshi

Leo shuleni kwetu watu wamepigia makofi moshi. Moshi, jamani!

Mnajua nafundisha fizikia hapa Nachingwea. Wiki tatu nahangaika na jaribio moja: nguvu ya sumaku iliyo sawa kila mahali, ndani ya baridi kali.

Koili mbili, zile pete za waya zinazotoa sumaku umeme ukipita, alinisukia Mzee Nangoma, fundi wa mota za mashine za kusaga. Alihesabu mizunguko kwa Kimwera, akikosea anaanza upya.

Baridi niliiomba kwa bwana mifugo: naitrojeni ya kimiminika, ile ya kuhifadhia mbegu za ng'ombe. Kidogo tu, ya kumimina mara moja.

Nikasisitiza skrubu za kushikia koili ziwe za shaba. Chuma kikiwepo, sumaku inavutwa upande.

Asubuhi mkuu wa shule kaona shaba imefubaa, na mgeni rasmi anakuja. Bila kuniambia, kafungisha bolti za chuma za pikipiki, zinang'aa kama nini!

Mimi bila kujua nikawasha umeme, nikamimina naitrojeni. Sindano ya sumaku niliyoitundika kwa uzi, ambayo ilitakiwa itulie katikati, ikalalia kwenye bolti.

Mkuu akaninong'oneza, "Nimekupendezeshea, Mwalimu."

Ukumbi mzima unashangilia moshi mweupe unaomwagika mezani. Mgeni anapiga picha.

Mzee Nangoma peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia sindano. Akasimama kule nyuma: "Mwalimu, nani katia chuma humo?"

Akaambiwa akae, mgeni anataka kuongea.

Semeni nyie, ningemjibu nini yule mzee?

Maana mgeni alichoongea ni hiki: "Hongereni sana. Mwakani ongezeni moshi."