Nimeomba sindano kwa kujuana

Leo nimeumbuka mbele ya wachimbaji, na nilistahili.

Hapa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, wamekuja watu wanaojaribu chanjo ya kifua kikuu. Nesi wao nimekua naye mtaani Ngokolo.

Akatueleza vizuri. Wengine watachomwa chanjo, wengine maji ya chumvi tu, na hakuna atakayejua kapata ipi. Anayetaka kujitoa anajitoa siku yoyote.

Mimi nauza chai jirani na mashine za kusaga mawe. Wanaokohoa nawajua kwa majina.

Nikamsogelea, nikanong'ona. "Shoga, nifanyie mpango nipate ile yenyewe."

Msinicheke. Na nyie mngeomba.

Kumbe mzee Masanja, mchimbaji wa siku nyingi, yuko nyuma yangu. Akauliza kwa sauti, "Binti, nani anapanga apate nani?"

Nesi akajibu, "Kompyuta, baba. Hata mimi sijui."

Akawageukia wenzake. "Ni kama tunavyogawana mifuko ya mawe. Imefungwa, kila mtu anachukua wake, dhahabu iko kwenye upi hakuna ajuaye. Siku mgawaji akianza kuchagulia rafiki zake, mgawo umekufa."

Wote wakaelewa. Kisha akaniangalia.

"Mama Kulwa, huku duarani, kwenye mashimo yetu, mtu wa hivyo tunamfukuza."

Nesi akaniambia nikafikirie kwanza, si lazima. Nimefikiria mpaka chai ikapoa, nikarudi kusaini.

Sasa bega linauma. Sijui ni chanjo au ni maji.

Rafiki yangu naye hajui, na leo nimeshukuru kwamba hawezi kunisaidia.